Kura za Karanga

Mimi si mtu wa kusifu Marekani. Sijafika huko, na kwa miguu hii sitafika. Lakini mambo ya Marekani, tena ya zamani, ya watu waliokwisha kufa wote, yaliingia sokoni kwetu Oli, mjini Arua, yakaninyang'anya kiti. Kwa hiyo nayajua.

Nieleze kwanza kiti chenyewe. Nilikuwa mwenyekiti wa mstari wa odi. Odi ni karanga na simsim zilizokaangwa, zikasagwa pamoja mpaka zikatoa mafuta. Ukiitia kwenye mboga, hata mboga mbaya inapata heshima. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu, kila mmoja na beseni lake. Mwenyekiti ndiye aliyekaa meza ya langoni, chini ya bati. Wengine walikaa juani, na mvua ikija walikimbia na mabeseni kichwani. Basi la Koboko likisimama, abiria aliyeshuka aliona kwanza meza ya langoni. Wauguzi wa hospitali ya Kuluva wakija Jumamosi, walifika meza ya langoni, wakanunua hapo hapo, wakaenda zao. Mtu akikuambia uenyekiti ni kazi ya kujitolea, muulize anakaa wapi mvua ikinyesha.

Nilichaguliwa kwa haki. Miaka ile tulikuwa tumekwisha kurudi kutoka Kongo, tulikokimbilia baada ya vita vya sabini na tisa, na serikali mpya ilikuwa imeleta mabaraza ya mitaa. Watu walichagua kwa kupanga mstari. Anayetaka kiti anasimama mbele, anayemtaka anasimama nyuma yake, basi, mnahesabu vichwa. Sisi wa odi tukafanya hivyo hivyo. Tulisimama wawili, mimi na mama mmoja wa Oli. Niligeuka nikawatazama wanawake mmoja mmoja, kama mume wangu alivyokuwa akitazama askari wake kambini. Wote wakapanga mstari nyuma yangu. Yule mama mwingine akatazama nyuma yake, akaona hakuna mtu, naye akaja akasimama kwenye mstari wangu.

Nikasema moyoni, huku ndiko kupendwa.

Sasa Marekani iliingia hivi. Nyumba yetu ya Koboko niliikuta imebaki ukuta mmoja, na mpapai umejiotea jikoni. Nikaja Arua, nikapata kiwanja kidogo Oli, nikajenga vyumba viwili vya udongo. Kimoja nililala mimi. Cha pili nilimpangisha mwalimu wa historia wa sekondari, kijana mrefu mwenye mashati mawili na vitabu sanduku zima. Ukuta kati yetu haukufika kwenye bati. Akikohoa, mimi nilisema pole kutoka kitandani kwangu.

Mchana akitoka shule alikuwa na tabia ya kutayarisha somo la kesho kwa sauti, akitembea uani huku na huku, kitabu mkononi. Mimi nakaa mlangoni namenya karanga. Kule shule walifundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni kile cha kambi: simama, geuka, ondoka. Siku moja nikachoka kusikia sauti bila maneno.

"Mwalimu," nikasema, "kama utapiga kelele kwangu, piga kwa lugha ya watu."

"Samahani, Mama. Ni mambo ya Marekani, mwanzo wa karne hii. Yatakuja kwenye mtihani."

"Yalete hapa. Mtihani ni mimi."

Akacheka, lakini akaleta kigoda. Tangu siku ile somo la Marekani lilipita kwangu kwanza. Alisema likifahamika mlangoni kwangu, litafahamika darasani.

Somo la kwanza lilikuwa la matajiri. Kulikuwa na tajiri wa mafuta ya taa, akanunua mafuta ya wenzake karibu wote. Aliyekataa kuuza, tajiri alikwenda kwa watu wa reli, akapatana nao kwa siri: mzigo wangu upunguzieni nauli, wa yule msimpunguzie hata kidogo. Yule mtu akafilisika, akauza kwa kilio. Na si mafuta tu. Sukari, chuma, nyama, reli zenyewe, kila kitu kilikuwa na wenyewe wachache walioungana, wakapanga bei wanavyotaka.

Nikaweka karanga chini. "Huyo ni mwenye mashine wetu."

"Hapana, Mama. Huyo ni Mmarekani."

"Basi ni ndugu yake. Mama mmoja, baba mbalimbali."

Kwa maana sisi tulikuwa na mashine moja tu ya kusaga odi, ya dizeli, na mwenyewe alikuwa amepatana na mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mjini. Karanga za mkubwa zilisagwa kwanza. Sisi tulikaa na mabeseni tangu asubuhi, na zamu yetu ikifika tunaambiwa dizeli kwisha. Ila ukikubali kumuuzia yule mkubwa karanga zako mbichi, dizeli inaonekana.

"Na wale Wamarekani wakafanya nini?" nikauliza.

"Watu wakaandika magazetini wakawafichua. Palikuwa na rais mmoja mkali, akawapeleka mahakamani. Kampuni ya mafuta ikavunjwa vipande vipande."

"Sisi hatuna rais wa kutuma kwa mashine ya Oli. Lakini tuna mawe."

Mwalimu akasimama. "Mama, tafadhali, msipige mashine ya mtu mawe!"

"Mawe ya kusagia, mwalimu. Kaa chini."

Kesho yake niliwaambia wanawake wote: hakuna kwenda mashine. Kila mmoja akafukua jiwe la bibi yake. Kwa muda wa wiki mbili tulisaga kwa magoti. Mikono ilivimba, na matusi tuliyomtukana yule bwana huku tukisaga, mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia hata kambini. Yule mkubwa wa mjini peke yake hakutosha kuishibisha mashine. Mwisho mwenyewe akaja sokoni, kofia mkononi.

"Mama zangu," akasema, "mashine iko na njaa."

"Na sisi tulikuwa na njaa," nikamjibu. "Beseni linalofika kwanza, linasaga kwanza. Ya tajiri, ya maskini, ya mke wako, sawa."

"Ya mke wangu pia?"

"Hasa ya mke wako."

Akakubali. Tangu siku ile mabeseni yalipanga mstari yenyewe mbele ya mashine, wenyewe wamekaa kivulini wanasukana nywele. Na mimi? Mimi kichwa kilivimba kuliko mikono. Nikaona historia ni dawa nzuri. Nikamwambia mwalimu alete nyingine.

Akaleta ya nyama. Kulikuwa na mwandishi mmoja, aliandika habari za machinjio makubwa ya kule: nyama iliyooza inatiwa dawa ili isinuke, panya wanaingia kwenye soseji, wafanyakazi wanaumia na hakuna anayejali. Yeye alitaka watu wawaonee huruma wafanyakazi. Watu wakasoma, wakahurumia matumbo yao. Ikaletwa sheria: nyama ikaguliwe na serikali, na chakula na dawa visichanganywe na takataka wala kuuzwa kwa uongo.

Habari hiyo niliipenda kupita kiasi. Asubuhi nikatangaza ukaguzi wa odi. Na mkaguzi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mwenye ulimi wa kuaminika, nikawa mimi.

Kwetu odi huonjwa hivi: mwenye beseni anakupaka kidogo nyuma ya mkono, unalamba. Kila asubuhi nilipita mstari mzima nikilamba mkono wangu. Mmoja odi yake ilikuwa na mchanga, nikamrudisha nyumbani. Mmoja karanga zilikuwa za mwaka jana, nikamrudisha. Mmoja alitia unga wa mahindi, huyo nilimrudisha na maneno ambayo mume wake aliyasikia kabla hajafika mlangoni. Soko likapata jina. Watu walisema, nenda kwa wale wa Oli, odi yao imelambwa.

Alikuwepo mjane mmoja kijana wa Dadamu, aliyelima karanga zake mwenyewe na kusaga mwenyewe. Ulimi wake ulikuwa mwepesi. Siku moja nilimrudisha kwa sababu odi yake ilinuka moshi. Alifunga beseni lake polepole, akaniuliza mbele ya watu:

"Mama, na ya kwako nani anaonja?"

"Mimi."

"Mama anamkagua Mama?"

"Nani anaijua odi yangu kuliko mimi?"

"Hiyo ni kweli," akasema. "Hakuna anayeijua kama wewe." Akaenda zake, na mstari mzima ukapata kazi ya ghafla ndani ya mabeseni yao.

Hapa lazima niseme jambo. Mimi odi yangu nilitia muhogo. Unga wa muhogo uliokaangwa, si mwingi, ngumi moja, mwaka simsim ikikosekana ngumi mbili. Haiui mtu. Inashibisha zaidi, kwa kweli. Nilijifunza Kongo, wakati hatukuwa na kitu. Nilijiambia hiyo si kuchanganya, hiyo ni ujuzi. Na yule mwenye unga wa mahindi? Mahindi ni mahindi, nilisema, muhogo ni muhogo. Mtu mwenye meza ya langoni hakosi la kujiambia.

Basi ikaja siku ya somo la tatu. Yule mjane wa Dadamu alikuwa amekuja kwangu na gunia la karanga, kwa maana pamoja na ulimi wake, karanga zake zilikuwa bora, na mimi nilinunua kwake. Akakaa kupumzika. Mwalimu akaanza.

Akasema kule Marekani zamani maseneta wao walichaguliwa na wakubwa wa majimbo ndani ya vyumba, watu wakapigania wakapata kuwachagua wenyewe. Akasema wanawake waliandamana miaka mingi, wengine wakafungwa gerezani, mpaka wakapata kura. Akasema wanawake wengine walipigania pombe ipigwe marufuku nchi nzima. Hapo sauti yake ilishuka kidogo, kwa maana Jumamosi na yeye alikuwa na chupa yake.

"Wakafaulu?" nikauliza.

"Walifaulu, Mama. Baadaye ikashindikana, sheria ikafutwa."

"Soma hilo la kufaulu tena, kwa sauti."

Nikamuuliza pia: "Na watu weusi wa huko? Hayo mazuri yote, waliyapata?"

Akafunga kitabu juu ya kidole chake. "Hapana, Mama. Kusini walizuiwa hata kupiga kura. Waliwekewa mitihani na kodi ili washindwe. Wengi wa hao watengenezaji wa nchi hawakujali."

"Aa," nikasema. "Kwa hiyo walitengeneza nyumba na kuacha chumba kimoja bila bati."

"Ndiyo hivyo."

Akafungua kitabu tena. Halafu akaendelea, na hilo ndilo lililoniua. Akasema katika majimbo mengine waliweka sheria kwamba kiongozi akiwa mbaya, watu hawangoji muda wake uishe. Wanakusanya majina, wanapiga kura, wanamwondoa kitini. Na kura ilikuwa ya siri, kila mtu peke yake na karatasi yake, mkubwa wake asione.

Yule mjane akaweka kikombe cha chai chini. "Mwalimu, rudia hapo."

Mwalimu akarudia.

"Rudia tena pole pole."

"Wewe," nikamwambia, "unataka kumwondoa nani?"

"Mimi? Mimi niko mutu ya kusikiliza tu, Mama. Lakini ni neno zuri. Sisi kule sokoni napanga mstari, na mutu mkali akikutazama, miguu inakwenda yenyewe."

Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilielewa kwamba nimetukanwa, basi. Nikasimama, maganda ya karanga yakamwagika.

"Unadhani wanawake wale waliniogopa? Walinipenda! Tupige kura hiyo ya siri. Kesho kutwa. Nibaki au nitoke. Na nikibaki, hilo swali lako la nani anaonja nani utalimeza na chai."

"Na ukitoka, Mama?"

"Nikitoka, meza ya langoni ni ya atakayechaguliwa, na odi yangu ionjwe kama ya wengine."

Alipoondoka, mwalimu alikuna shingo. "Mama, wale waliotaka kura ya siri ni watu waliowaogopa wakubwa wao."

"Basi kwetu haina kazi, kwa sababu hakuna anayeogopa mtu. Au wewe unaniogopa?"

"Hapana, Mama," akasema haraka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Karatasi hatukuwa nazo, na wengi hawakujua kuandika. Mimi mwenyewe niliona tutumie kitu cha mkononi. Karanga moja ni abaki, haragwe moja ni atoke. Tukaweka chungu cha shingo nyembamba ndani ya kibanda cha chumvi, na kando yake sahani mbili, ya karanga na ya maharagwe. Kila mwanamke angeingia peke yake, angechukua, angetia, angetoka. Mlinzi nikamweka mwenzangu wa Koboko, mama mzee tuliyekimbia naye pamoja hadi Kongo, tukabeba sufuria moja kwa zamu. Akae mlangoni, awape mgongo wanaoingia, na katikati achungulie kama chungu hakijaanguka. Huyo angekufa kabla hajadanganya mtu.

Kosa letu ni kwamba karanga zilikuwa zimekaangwa. Hapakuwa na nyingine asubuhi ile. Ukimkalisha mtu wa kwetu karibu na karanga za kukaanga, na usimwambie kitu, umemkaribisha.

Wakaingia, wakatoka. Mimi niliingia wa mwisho, nikatia karanga yangu, nikatoka kidevu juu. Tukaleta chungu uwanjani, tukamwaga kwenye ungo mbele ya watu wote.

Maharagwe ishirini na sita. Karanga hakuna.

Watu wakausogelea ungo. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Hata yake mwenyewe?"

"Yangu nimetia!" nikasema. "Nimetia kwa mkono huu! Na sisi tuko ishirini na watatu, maharagwe haya sita na ishirini yametoka wapi? Yamezaa?"

Wanawake watatu wanne wakatazama mbali. Mmoja akasema, "Mimi nilidhani ukiwa na uchungu sana, unatia mawili."

"Na karanga? Karanga iko wapi?"

Ndipo nikamtazama mlinzi wetu. Taya lake lilikuwa linakwenda.

"Mwenzangu," nikasema, "unatafuna nini?"

Akameza kwanza. Ana adabu, hasemi na chakula mdomoni. "Karanga."

"Za sahani?"

"Za sahani kwisha ulipotoka wewe. Nikatikisa chungu, nikasikia iko nyingine."

"Umekula kura zangu!"

"Uliniambia linda. Ulisema usile?"

"Ngapi?"

"Tatu tu."

"Tatu! Mwongo! Umekula kumi na tano!"

"Na meno haya?" akafungua kinywa, akatuonyesha wote. "Tatu, na ya tatu ilinishinda, nikaivunja kwa jiwe."

Soko lilianguka kwa kicheko. Wauza nyanya waliacha nyanya wakaja. Mwenye mashine alizima mashine yake asikie vizuri. Hata yule mjane wa Dadamu alikuwa ameshika tumbo, machozi yanatoka. Mimi peke yangu sikucheka. Nikapiga ungo kofi.

"Turudie! Hapa hapa! Mahindi makavu ni abaki, maharagwe makavu ni atoke! Kila mtu apewe punje moja ya mahindi na haragwe moja mbele ya watu, moja atie kwenye chungu hiki, jingine kwenye chungu kile cha kutupa. Na mlinzi awe mwenye mashine, yeye anajua sasa nini maana ya zamu!"

Mjane akafuta macho. "Mama, tuache. Siku nyingine. Leo tumecheka, inatosha."

Ilinipasa kumsikiliza. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, tena mpana. Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani, kwamba karanga kumi na tano ziko ndani ya tumbo la mwenzangu, na zote ni za kunipenda.

"Tunarudia," nikasema.

Tukarudia. Mwenye mashine alisimama kama askari, mikono nyuma. Tukamwaga chungu kwenye ungo. Maharagwe ishirini. Mahindi matatu.

Mwenzangu wa Koboko alisogea mbele. Aliinua vidole vitatu tu, akanionyesha.

Niliyatazama yale mahindi matatu muda mrefu. Moja nililijua, lilikuwa langu. Moja la mwenzangu, kwa maana tumbo lake na moyo wake haviishi nyumba moja. Hilo la tatu sijui mpaka leo. Au niseme, najua kupita kiasi. Kura ya siri ina ubaya huo ambao kitabu cha mwalimu hakikuusema: kufikia Ijumaa wanawake tisa walikuwa wamekuja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja amebeba kitu kidogo, yai au kipande cha sabuni, akaniambia kwa kunong'ona, "Mama, mimi ndiye nilitia hindi." Nikawashukuru wote tisa.

Siku ile ile ya kura walimchagua yule mjane, kwa chungu hicho hicho. Alinijia nikiwa nakunja kitambaa cha meza.

"Mama, kaa hapa. Mimi nitakaa popote. Mimi sikutaka utoke, nilitaka uonjwe tu."

"Wewe ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwenyekiti anakaa wapi?"

"Langoni."

"Basi kaa. Ukianza uongozi kwa kuogopa mtu, watakutoa kabla ya mvua."

Nikabeba beseni langu mpaka mwisho wa mstari, karibu na wanapofunga mbuzi. Mwenzangu wa Koboko alikuwa na nafasi yake hapo. Akasogea. "Karibu juani," akasema. "Hapa hatuna karanga za bure." Sikumjibu siku mbili.

Asubuhi ya kwanza mwenyekiti mpya alipita kukagua. Nilimwona anavyokuja, anapakwa mkono, analamba, anasonga. Alipofika kwangu alisimama. Mstari wote ukageuza shingo. Ningeweza kusaga odi safi siku ile, usiku wake wote nililifikiria hilo. Sikufanya. Nilisema kama wamenitoa kwa muhogo, waulambe muhogo wenyewe.

Nikampaka nyuma ya mkono. Akalamba. Akalamba tena.

"Mama," akasema polepole, asinitie aibu zaidi, "iko muhogo ndani."

"Iko."

"Kiasi gani?"

"Ngumi moja."

"Moja?"

"Mkono wangu ni mkubwa."

Akabaki ameshika beseni. Kwa sheria yangu mwenyewe ilimpasa anirudishe nyumbani, na mtu wa kwanza kuitunga sheria ile ni mimi. Aliona haya kunirudisha, na akiniacha, yule niliyemfukuza kwa unga wa mahindi alikuwa amekaa hatua tatu, ametoa macho kama bundi.

Kwa bahati mwalimu alikuwa anapita kununua mboga. Mjane akamwita. "Mwalimu! Kule Marekani, mutu akichanganya, walimfanya nini?"

Mwalimu alinitazama kwanza, kisha miguu yake. "Kama kilichotiwa kinadhuru, hawakuruhusu kabisa. Kama hakidhuru, kosa lilikuwa kusema uongo. Hakuruhusiwa kuita kitu jina lisilo lake."

"Muhogo inadhuru?"

"Muhogo mzuri? Hapana."

Mjane akanirudishia beseni. "Basi, Mama, utauza. Lakini utasema iko nini ndani. Utasema kwa sauti. Na yule wa mahindi, hivyo hivyo."

"Niseme kila siku?"

"Kwa kila mutu anayenunua."

Nikafikiri nikusanye vitu vyangu nirudi Koboko kwa mpapai wangu. Lakini karanga zilikuwa zimesagwa tayari, na odi haingoji. Basi la asubuhi lilikuwa limefika, abiria wanashuka, wanapita meza ya langoni, wanakuja. Nikavuta pumzi. Sauti yangu kambini ilisikika mpaka uwanja wa gwaride.

"Odi ya muhogo! Odi ina muhogo ndani! Muhogo ngumi moja, mkono mkubwa!"

Mbuzi wakashtuka. Mama mmoja wa Koboko, mwenye watoto wanne wamemning'inia, akasimama.

"Kwa nini umetia muhogo?"

"Inashibisha."

"Kweli?"

"Waliniondoa kitini kwa sababu yake. Ingekuwa mbaya, si ningekanusha?"

Akanyoosha mkono wake nimpake. Akalamba, akawapaka na watoto, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Nyuma yake mtu mwingine akasimama kungoja. Mwenye unga wa mahindi, pale hatua tatu, akakohoa, akajaribu sauti yake.

"Odi ya mahindi," akasema, kidogo sana.

"Paza sauti," nikamwambia. "Hiyo nani atasikia?"